Eksosomu au seli shina kwa makovu ya chunusi? Kliniki imeniandikia zote mbili

MkaziWaNtinda ameuliza:

Habari zenu ndugu na dada wa jukwaa hili. Nina umri wa miaka 41, ninaishi Ntinda, na uso wangu una makovu ya chunusi niliyoyabeba tangu shule ya sekondari: mashimo madogo kwenye mashavu yote mawili, pamoja na madoa meusi ambayo hukolea kila ninapotokwa na kipele kipya. Juu ya hayo, nywele za mbele, hasa karibu na masikio, zimepungua baada ya miaka mingi ya kusuka rasta za kubana.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kliniki moja ya urembo hapa Kampala, na mhudumu akaniandikia njia mbili kwenye karatasi. Ya kwanza ni eksosomu, mara tatu, kila baada ya wiki nne, zikipakwa usoni mara tu ngozi inapomaliza kutobolewa kwa kalamu ya sindano ndogondogo. Ya pili ni kile walichokiita "seli shina hai", mara moja tu, kwa bei inayokaribia mara tatu ya ile ya kwanza. Nilipouliza tofauti yake niliambiwa kwamba eksosomu ni "kizazi kipya" na seli shina zina "nguvu zaidi". Nimeyageuza majibu hayo kila upande na bado hayanisaidii kuchagua.

Fedha ninazotaka kutumia nimeziweka kwenye SACCO kwa miaka miwili, kwa hiyo sitaki kuzitupa. Ninachoomba ni maelezo ya mtu anayeifahamu sayansi yenyewe: je, hivi ni vitu viwili tofauti au ni kitu kimoja chenye majina mawili? Ni kipi chenye ushahidi kwa makovu kama yangu, na je, ushahidi huo unahusu ngozi nyeusi kama ya kwetu? Kisanduku cha eksosomu nilikipiga picha kwa simu, ila maandishi yake mengi ni ya Kikorea.

MaabaraEntebbe amejibu:

Dada MkaziWaNtinda, umeuliza vizuri, na mimi ninayeshinda maabara nitajaribu kukujibu kwa kirefu kidogo.

Seli shina, ambazo wengine huziita seli mama, ni seli hai. Zina kiini, zinakula, zinagawanyika, na katika mazingira yanayofaa zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Zile zinazotajwa sana katika urembo ni za jamii ya mesenkaima, yaani zinazohusiana na tishu kama mafuta, mfupa na gegedu, na hutolewa kwenye mafuta ya mwili, kwenye uboho au kwenye kamba ya kitovu. Mwaka 2006 wataalamu wa fani hii waliweka vigezo vya chini vya kuzitambua: ni lazima zishike kwenye plastiki ya maabara, ziwe na alama fulani juu ya utando wake, na ziweze kugeuka kuwa mfupa, mafuta na gegedu. Ukikumbuka neno hilo "mfupa" litakufaa huko mbele.

Eksosomu si seli. Ni vifuko vya mafuta ambavyo seli huvitoa nje, vyenye upana wa nanometa 30 hadi 150 hivi (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), vikiwa vimebeba protini na vipande vya RNA, yaani ujumbe wa kijeni wa seli. Havina kiini, havigawanyiki na haviwezi kugeuka kuwa kitu kingine chochote. Ukiichukua seli shina yenye upana wa mikrometa 20, yaani nanometa 20,000, na kuiweka kando ya eksosomu ya nanometa 100, tofauti yake ni kama ya fenesi kubwa na punje ya ulezi. Vifuko hivi vilielezwa mwaka 1983 na maabara mbili, moja ya Montreal na nyingine ya St. Louis, zilizokuwa zikichunguza chembechembe changa nyekundu za damu, na kwa miaka mingi watu walidhani ni njia tu ya seli kutupa taka zake.

Sasa, kwa nini vitu hivi viwili huuzwa duka moja? Kwa sababu imani ya awali kuhusu seli shina haikuthibitika. Ilitarajiwa kwamba ukizidunga zitakaa pale, zitaota na kuwa ngozi mpya, lakini ilionekana kwamba nyingi hufa baada ya muda mfupi, na faida inayobaki hutokana na ishara za kikemikali zilizozitoa kabla ya kufa. Arnold Caplan, mtaalamu wa Marekani aliyelieneza jina la seli shina za mesenkaima mwaka 1991, mwenyewe aliandika mwaka 2017 akiomba jina hilo libadilishwe kwa kuwa linawapotosha wagonjwa. Hapo ndipo wazo la eksosomu lilipopata nguvu: ikiwa kinachofanya kazi ni ujumbe, basi tupeleke ujumbe bila mjumbe. Kwa hiyo mhudumu aliyekuambia kwamba moja ni "kizazi kipya" hakukosea kabisa, ila kusema nyingine ina "nguvu zaidi" ni maneno ya sokoni.

Kwa upande wa utengenezaji, eksosomu zina nafuu ya kweli. Seli hai huhifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na zikishayeyushwa zinatakiwa kutumika ndani ya saa chache. Eksosomu zinaweza kugandishwa au kukaushwa zikawa unga. Zaidi ya hapo, zinaweza kupitishwa kwenye chujio la mikrometa 0.22 linalozuia bakteria, jambo ambalo haliwezekani kwa seli kwa sababu zenyewe zitanasa. Lakini hapa ninaomba unisome polepole: kirusi cha Ukimwi kina upana wa nanometa 100 na kidogo, na kile cha homa ya ini aina ya B kina nanometa 42 hivi. Chujio linaloruhusu eksosomu kupita linaviruhusu na virusi hivyo. Kinachokulinda ni kupimwa kwa mtu aliyetoa seli za asili na hatua za kuua virusi kiwandani, na mambo hayo huwezi kuyaona kwa kukitazama kichupa.

Kuhusu idadi ya eksosomu, zile "bilioni kadhaa" zinazoandikwa kwenye vichupa, usizihesabu kama vidonge. Mashine inayohesabu chembe hizo huona kitu chochote chenye ukubwa unaofanana, kikiwemo kipande cha protini zilizoshikana au tone dogo la mafuta, na ndiyo maana wanasayansi waangalifu siku hizi hupendelea kusema "vifuko vya nje ya seli" badala ya kudai kwamba kila kilichohesabiwa ni eksosomu. Kichupa chenye bilioni 10 za takataka kitaonekana bora kuliko chenye bilioni 2 za eksosomu safi.

Mwisho, waulize hizo "seli shina hai" zinatoka wapi. Ikiwa ni mafuta yako mwenyewe, maana yake watakunyonya mafuta tumboni au pajani, wayasage au wayeyushe kwa kimeng'enya, na mchanganyiko utakaopatikana siku hiyo utakuwa na seli za aina nyingi, huku seli shina zikiwa sehemu ndogo tu. Ikiwa ni za kitovu cha mtoto wa mtu mwingine kutoka ng'ambo, omba uoneshwe tangi la nitrojeni. Kliniki isiyo na tangi na isiyokunyonya mafuta haina seli hai za kukupa, na hapo bei mara tatu unailipia nini?

MfamasiaJinja amejibu:

Ninaunga mkono maelezo ya ndugu wa Entebbe, na ninaongeza upande wa sheria, kwa sababu wateja wengi huamini kwamba kitu kikiwa kinauzwa hadharani basi kimeidhinishwa.

Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilitoa onyo kwa umma mwezi Desemba 2019 baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kudhurika kutokana na bidhaa zilizouzwa kama eksosomu, na ikaeleza kwamba hakuna bidhaa ya eksosomu iliyoidhinisha. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wagonjwa 12 katika majimbo matatu waliripotiwa kupata maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu zilizouzwa kama tiba ya seli shina. Kwa upande wa seli, dawa ya kwanza ya seli za mesenkaima kuidhinishwa Marekani ilipita Desemba 2024, na ni ya watoto waliopandikizwa seli za damu kisha seli hizo zikaushambulia mwili wao. Haina uhusiano wowote na makunyanzi wala makovu. Kitu cha karibu zaidi na urembo kilichowahi kupita njia halali ni seli za ngozi ya mgonjwa mwenyewe, zilizoidhinishwa mwaka 2011 kwa mikunjo ya kando ya pua: daktari alichukua vipande vidogo nyuma ya sikio, maabara ikazikuza seli, kisha zikadungwa kwa awamu tatu. Hata hizo hazikuwa seli shina. Ninaitaja ili uone jinsi njia halali inavyokuwa ndefu, halafu uilinganishe na "mara moja tu" uliyoandikiwa.

Umoja wa Ulaya nao, katika kanuni yake ya vipodozi ya mwaka 2009, unakataza kipodozi kuwa na seli, tishu au mazao yoyote ya mwili wa binadamu. Ndiyo maana ukiona eksosomu zinazouzwa huko kama kipodozi, utakuta zinadaiwa kutoka kwenye mimea, kwa mfano waridi. Kinachouzwa kwa jina hilohilo kinaweza kuwa kimetoka kwa mtu, kwa mnyama au kwa ua la bustanini, na tafiti za kimoja hazithibitishi kingine.

Kwa hapa kwetu, dawa zinasimamiwa na NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, chini ya sheria ya mwaka 1993, viwango vya vipodozi viko kwa UNBS, shirika la viwango la taifa, na mwaka 2023 tulipata sheria ya uchangiaji na upandikizaji wa viungo, ambayo inagusa pia seli na tishu za binadamu. Kitu kinachopakwa juu ya ngozi nzima kinaweza kuitwa kipodozi, lakini kitu hichohicho kikiingizwa ndani ya ngozi kwa sindano hakiwezi tena kujificha nyuma ya jina hilo. Wakikuambia kwamba ni "utafiti", omba barua ya kamati ya maadili, ya NDA na ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ushangae ni utafiti gani unaomtoza mgonjwa mamilioni ya shilingi.

Sisi wa dukani tunajua pia habari za baridi. Kitu kinachotakiwa kukaa kwenye friji maalumu, kikitua Entebbe siku ya Ijumaa na kuchukuliwa Jumatatu, au umeme ukikatika usiku kucha na jenereta haina mafuta, hakibadiliki rangi ili kukuonya. Dada, hebu tuandikie maneno yaliyo kwenye hicho kisanduku, hata ya Kiingereza yaliyo madogo.

UsoSafi256 amejibu:

Naomba radhi kwa kutokubaliana na waheshimiwa waliotangulia, lakini naona mnamtisha dada wa watu. Wakorea wametumia eksosomu kwa miaka kadhaa sasa, na kliniki zao za ngozi ziko mbele ya sisi sote. Mimi mwenyewe nimefanyiwa mara nne kwa miezi minne, hapa hapa Kampala, kwa kalamu ya sindano na eksosomu juu yake. Wekundu ulitulia ndani ya siku mbili, madoa yamepungua, na hata mama mkwe wangu, ambaye si mtu wa kusifu, aliniuliza ninatumia sabuni gani. Sikatai kwamba seli shina ni jambo zito linalohitaji hospitali. Lakini eksosomu si kitu hai, hazioti, na kwa maoni yangu hatari yake ni ndogo mno kuliko hivyo vidonge na krimu za kuchubua ngozi ambavyo dada zetu hununua soko la Owino bila kuuliza swali hata moja.

MuuguziNgozi amejibu:

Nyabo UsoSafi256, sina shaka kwamba uso wako umependeza, na hoja yako kuhusu krimu za kuchubua ninaikubali kwa mikono miwili. Swali langu ni moja: katika miezi hiyo minne, ulibadilisha kitu gani kingine? Wateja wengi ninaowahudumia huanza siku hiyohiyo kupaka kinga ya jua na kuacha krimu ya kuchubua yenye haidrokwinoni au steroidi, na hayo mawili peke yake huonekana usoni baada ya miezi minne. Kisha kuna sindano zenyewe. Kuitoboa ngozi kwa sindano ndogondogo huiamsha itengeneze kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, hata kama hukupaka kitu chochote juu yake.

Hao Wakorea uliowataja ndio waliotupatia jaribio linalosaidia kutenganisha mambo haya. Lilichapishwa mwaka 2020, likiwa na wagonjwa 25 wenye makovu ya chunusi, na uzuri wake ni kwamba kila mgonjwa alilinganishwa na nafsi yake: pande zote mbili za uso zilipigwa leza ya kaboni dioksidi, upande mmoja ukapakwa eksosomu zilizotokana na seli shina za mafuta, na upande wa pili ukapakwa jeli isiyo na eksosomu. Baada ya awamu tatu, alama za makovu zilipungua kwa asilimia 32.5 upande wa eksosomu na kwa asilimia 19.9 upande mwingine. Kwa hiyo eksosomu ziliongeza kitu, na mimi siwezi kuwa mtu wa kukana hilo. Lakini tazama vizuri: sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwa ya leza, wagonjwa walikuwa 25 tu, na walikuwa Wakorea. Leza ya namna ile kwenye ngozi ya Mganda, isiposhikwa na mtu mwenye uzoefu, inaweza kuacha madoa meusi mabaya kuliko kovu lililoletwa. Ndiyo sababu sisi huanzia na sindano.

Kwa seli shina, jaribio linalotajwa sana katika upasuaji wa urembo ni la Denmark, la mwaka 2013. Watu 10 wenye afya walidungwa mafuta yao wenyewe mikononi, mkono mmoja mafuta yakiwa yameongezewa seli shina zilizokuzwa maabara, mwingine mafuta matupu. Baada ya siku 121, mafuta yaliyoongezewa yalibaki asilimia 80.9 ya ujazo wake, na yale matupu asilimia 16.3. Ni tofauti kubwa na ya kuvutia, lakini inahusu kuyafanya mafuta yaliyopandikizwa yasiyeyuke, si kufuta mashimo ya chunusi, na seli zile zilikuzwa kwenye maabara kabla ya kutumika, si kuandaliwa nyuma ya pazia huku mteja akisubiri ganzi ishike.

Ndugu wa Entebbe alisema tulikumbuke neno "mfupa". Mwaka 2012 jarida la Scientific American lilisimulia habari ya mwanamke wa California aliyedungwa seli shina za mafuta yake kuzunguka macho ili kuondoa uzee. Baadaye jicho lake likawa linauma na kutoa sauti ya kugongana kila anapolifumbua, na daktari aliyemfanyia upasuaji alikuta vipande vya mfupa kwenye kope. Alikuwa amedungwa pia kijazio chenye madini ya kalsiamu, na inajulikana maabara kwamba madini hayo huzichochea seli za mesenkaima kuelekea kuwa mfupa. Eksosomu haziwezi kufanya jambo kama hilo, kwa hiyo hapo UsoSafi256 ana haki yake.

Isipokuwa eksosomu nazo zina mlango wake wa hatari, ambao ni ile mitobo. Ngozi nzima haipitishi vitu vikubwa. Ukiitoboa, kila kilichomo kwenye kichupa kinaingia, yakiwemo manukato na vihifadhi ambavyo havikukusudiwa kuingia. Mwaka 2014 jarida moja la magonjwa ya ngozi la Marekani lilieleza wanawake watatu waliopata uvimbe mgumu usoni baada ya kutobolewa ngozi na kupakwa vipodozi ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya kudungwa. Na kichwa cha sindano kikitumika kwa watu wawili, tumerudi kwenye hepatitisi na Ukimwi: mwaka 2024 Wamarekani waliripoti maambukizi ya kirusi cha Ukimwi kwa wateja wa spa moja isiyo na leseni huko New Mexico iliyokuwa ikiwatoboa uso na kuwapaka plazima ya damu. Dada, siku ukienda, pakiti ya kichwa cha sindano ifunguliwe mbele ya macho yako.

Kuhusu nywele zako nitasema kwa ufupi, kwa sababu kwanza ni lazima zitazamwe. Nywele zilizovutwa na rasta zinaweza kurudi ikiwa vitundu vyake bado vipo. Ikiwa ngozi ya pale imekuwa laini na inang'aa bila kitundu hata kimoja, hapo pana kovu, na si eksosomu wala seli shina zitakazoziotesha. Mtu anayekuuzia tiba ya nywele bila kukufumua rasta na kutazama ameuza kabla ya kupima.

MamaWaMbale amejibu:

Mwanangu, mimi si mtaalamu, ila nimeona nikuandikie yaliyonipata, kwa kuwa kusikia kwa mwenzako ni rahisi kuliko kulipa mwenyewe.

Mwaka juzi nililipia hizo wanazoziita seli shina. Sitataja jina la mtu wala mahali. Walipanga chumba cha hoteli kwa siku mbili, tukawa tunaitwa mmoja mmoja. Hawakuninyonya mafuta wala hawakunitoa damu. Kichupa kilitoka kwenye boksi la bluu la barafu, kama lile la wauza soda wa stendi ya mabasi, na barafu yenyewe ilikuwa imeshakuwa maji. Lebo ya kichupa kimoja ilikuwa imebanduka na inaelea. Niliiona kwa macho yangu, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa na nilimwonea haya yule kijana aliyevaa koti jeupe.

Baada ya siku kumi nikaota vinundu vinne kwenye shavu la kulia, vigumu kama mbegu za ndimu. Daktari wa ngozi aliponiuliza nilidungwa nini, sikuwa na jibu, na yule kijana simu yake ilikuwa haipatikani. Ilibidi akate kipande kidogo kipelekwe maabara, na nilitumia dawa kwa miezi mitano. Vinundu vimekwisha, lakini madoa manne yamebaki, na nilikuwa nimekwenda kuondoa doa moja. Daktari aliniambia kwamba kama ningekuwa hata na picha ya lebo, angeanza matibabu wiki tatu mapema.

MzeeWaArua amejibu:

Naongeza neno moja tu kwa sababu limenigharimu fedha. Kuna unga na vidonge vya "seli shina" vinavyouzwa na mawakala nyumba kwa nyumba, wa kuweka chini ya ulimi. Binti yangu, ambaye ni mkemia, alinisomea viungo vyake: ni dondoo za matunda na mimea. Hakuna seli inayoishi ndani ya unga mkavu wa pakiti, na hata ingekuwepo, tumbo lingeimeng'enya kama linavyoimeng'enya nyama. Krimu za "seli shina za tofaha" nazo ni habari hiyohiyo. Dada asije akafikiri kwamba hiyo ndiyo njia ya tatu iliyo nafuu.

MkaziWaNtinda amejibu:

Asanteni sana nyote, na pole sana Mama wa Mbale. Nimesoma kila jibu mara mbili, kisha nikaikuza picha ya kisanduku kwenye kompyuta ya kazini. Kwa Kiingereza, chini ya maandishi ya Kikorea, imeandikwa kwamba ni kipodozi na kwamba ni kwa matumizi ya nje ya ngozi pekee. Nilipowapigia simu kliniki na kuuliza kama wanakipaka tu au wanakidunga, mhudumu alisema kwamba usoni wanakipaka baada ya sindano, lakini kwenye nywele za mbele "daktari hukidunga kidogo". Niliomba cheti cha uchambuzi wa bechi hiyo. Walinitumia kwa WhatsApp baada ya siku mbili, na namba ya bechi iliyo kwenye cheti si ile iliyo kwenye kisanduku nilichokipiga picha. Kuhusu seli shina hai, nilipouliza tangi la nitrojeni liko wapi, niliambiwa kwamba zinakuja "zikiwa tayari" siku ya tiba.

Nimekwisha kuwaambia kwamba sitafanya ya pili kabisa. Kwa ya kwanza, nimewauliza kama wanaweza kunifanyia sindano pekee bila eksosomu, na bei waliyonitajia ni chini ya theluthi moja. Kabla ya hapo nitakwenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya Mulago nipate maoni ya daktari asiyeniuzia kitu. Rasta nitazifumua Jumamosi. Je, Mfamasia, hicho cheti kisicholingana ni kosa la karani au ni jambo la kuhofia?

MfamasiaJinja amejibu:

Yawezekana ni kosa la karani, maana mwagizaji anaweza kuwa na bechi tatu ghalani. Lakini kazi ya cheti ni kusema kwamba kichupa hiki kilipimwa bakteria na sumu zake kikaonekana salama, na cheti cha bechi nyingine hakisemi lolote kuhusu kichupa hiki. Waombe cha namba iliyo kwenye kisanduku, na utazame kama kinataja chanzo cha seli na vipimo vya mtoaji wake. Wakishindwa, peleka picha zote mbili NDA. Kazi ya kuuliza maswali hayo ni yao, wala huhitaji kugombana na mtu.

MuuguziNgozi amejibu:

Umeamua vyema, dada. Jumamosi ukishafumua, kabla hujaosha wala kupaka mafuta, mwombe mtu akupige picha za pande zote mbili za kichwa karibu na dirisha, mchana. Siku za mwanzo baada ya kufumua huonekana vinyweleo vifupi ukingoni ambavyo mafuta huvilaza, na hivyo ndivyo daktari wa Mulago atakavyovitafuta kwanza.